Mkalimani wa Sheria na Neno Lifungalo

Liko swali moja ambalo twaona lazidi kuwa zito kadiri miaka inavyopita, nalo ni hili: Je, ni haki mtu kufungwa na neno asilolisikia? Hatusemi kusikia kwa masikio tu, kwani masikio husikia hata ngurumo. Twasema kusikia maana. Mtu amesimama mbele ya hakimu, au ameketi mbele ya karani mwenye hati, akasomewa maneno, akaitikia kwa kichwa, akatia dole gumba. Maneno yalikuwa ya lugha moja, masikio yake ni ya lugha nyingine, na katikati alikuwapo mtu wa tatu, mkalimani. Baadaye ikaonekana ya kwamba alichokiitikia sicho alichokidhani. Ni nani mwenye deni hapo?

Wala jambo hili si la watu wa mijini peke yao. Hapa kwetu Igamba, katika nchi ya Mbozi, neno la sheria husafiri safari ndefu kabla ya kumfikia mama aliye shambani katika mibuni yake. Latoka katika Kiingereza, maana sheria nyingi za nchi hii ziliandikwa kwanza kwa lugha hiyo. Laingia katika Kiswahili. Kisha jioni, barazani, mzee mmoja alifasiri tena kwa Kinyiha. Ni kama maji yamiminwayo kutoka mtungi hata mtungi. Kila mara hubaki kidogo chini, na kila mara vumbi kidogo huingia.

Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali, Namba 1 ya mwaka huo, iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za nchi na ya mahakama, ikaacha nafasi ya kutumia Kiingereza pale haki inapokihitaji. Kabla ya hapo Kiswahili kilikuwa lugha ya Mahakama za Mwanzo, bali mahakama za juu ziliandika kumbukumbu na hukumu zake kwa Kiingereza. Mwezi wa Februari mwaka huo huo Rais Magufuli alimpandisha Jaji Zephrine Galeba kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani, akimsifu kwa kuwa aliandika uamuzi wake kwa Kiswahili. Watu walifurahi sana, na sisi tulifurahi pamoja nao, kwa kuwa si vema mtu ashinde au ashindwe katika kesi yake mwenyewe asijue ni kwa sababu gani. Walakini furaha isitupofushe. Kubadili lugha ya sheria si kama kubadili shuka la kitanda.

Wengi hudhani ugumu wa kazi hii uko katika majina ya vitu. Si hivyo. Majina hupatikana. Kama lugha haina jina la kitu, yaweza kuliazima kwa jirani na kulivika nguo zake, na baada ya miaka michache hakuna akumbukaye lilikotoka. Hakimu, hati, kesi, jela, rufaa, bima: yote haya yalikuwa wageni, nayo leo ni wenyeji. Wataalamu wamefanya kazi hiyo kwa bidii tangu zamani. Mwaka 1968, kwa mfano, A. B. Weston na Sheikh Mohamed Ali walitoa Dar es Salaam kitabu cha istilahi za sheria kwa Kiswahili. Kazi ngumu iko katika maneno ya kutenda, yaani yale ambayo wanafunzi wa siku hizi huyaita vitenzi. Jina lasema kitu ni nini, na neno la kutenda lasema nani atafanya nini, kwa hiari au kwa lazima, na asipofanya apatwe na nini. Sheria hufunga kwa maneno ya namna hii.

Na yaliyo madogo ndiyo yenye hatari zaidi. Kiingereza cha sheria kina maneno mawili mafupi, "shall" na "may". Katika Tanzania maana zake zimewekwa na sheria yenyewe, ile ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, kifungu cha 53. Penye "may", yule aliyepewa uwezo aweza kuutumia au kuuacha, kwa hiari yake. Penye "shall", yule aliyepewa kazi hana budi kuifanya. Basi neno moja lamfungulia mtu mlango, aingie akitaka. La pili lamsukuma ndani. Tofauti yake ni kubwa kuliko tofauti ya ng'ombe na mbuzi, lakini kwenye karatasi ni herufi chache tu.

Sasa tazameni jinsi yanavyogeuzwa. "Shall" mara nyingi hugeuzwa kwa "ta" ya wakati ujao: mkurugenzi atatoa taarifa, mwenyekiti ataitisha mkutano. Hata Katiba yetu ya mwaka 1977 yasema kwa namna hiyo kwamba kutakuwa na Rais wa Jamhuri ya Muungano. Wajuzi wa sheria wakisikia "atatoa" husikia amri. Lakini mkulima, ambaye tangu utotoni husikia "mvua itanyesha" na "mjomba atakuja", asikia nini? Asikia habari ya mambo yajayo. Pengine asikia ahadi. Mvua isiponyesha hamshtaki mtu, na mjomba asipokuja husema amepatwa na udhuru. Kwa hiyo afisa asipotoa taarifa ile, mkulima huyu hukaa kimya, akidhani kwamba jambo lililotazamiwa halikutokea, basi. Hajui ya kuwa sheria ilimpa haki ya kudai.

Na "may" je? Hiyo hugeuzwa kwa "aweza", au "anaweza". Lakini "kuweza" kwetu kwanza ni nguvu. Twasema mtoto huyu aweza kubeba debe la maji, maana mikono yake ina nguvu. Twasema tena, "Mwalimu, naweza kutoka nje?" na hapo twaomba ruhusa. Neno moja labeba nguvu na ruhusa katika kikapu kimoja. Ikiwa karatasi yasema ofisi yaweza kumlipa fidia aliyeharibiwa mazao, mwenye mazao husikia kwamba ofisi ina fedha na uwezo wa kulipa, akaenda nyumbani na matumaini makubwa. Aliyeandika alitaka kusema kwamba ofisi ikipenda italipa, isipopenda haidaiwi kitu.

Si kwamba Kiswahili ni maskini. Twakataa kabisa maneno ya wale wasemao kwamba lugha yetu haitoshi kwa sheria. Tunayo lazima, sharti, wajibu, hiari, ruhusa, idhini, mamlaka. Tunayo "hana budi", "imempasa", "ni juu yake". Wanazuoni wa pwani, kwa karne nyingi, wamevipima vitendo vya mwanadamu kwa daraja tano, tangu kile ambacho ni faradhi hata kile kilicho haramu, na katikati yake kile kilicho bora kutendwa, kile kilichoachwa huru, na kile kichukizacho ingawa hakikukatazwa. Watu wenye mizani ya namna hiyo hawakukosa maneno. Na katika jambo jingine Kiswahili chapita Kiingereza kwa mbali. Kwetu kukopa si kukopesha, kupanga si kupangisha, kukodi si kukodisha. Silabi moja yaonyesha ni nani atoaye na ni nani apokeaye. Mwingereza ana neno moja la kufunga ndoa, litumikalo kwa mume na kwa mke sawasawa. Mswahili hutenga kuoa na kuolewa. (Kama huko kutenga ni hekima au ni mazoea ya wanaume tu, hilo ni somo jingine, na wanafunzi wa kike wa siku hizi hawaachi kutuuliza.)

Basi upungufu hauko katika ghala, bali kwa yule aliyetumwa ghalani akachukua kilicho karibu na mlango.

Tutoe mifano ya maneno matatu ambayo huleta machozi katika vijiji vyetu.

La kwanza ni kudhamini. Chukueni mkulima atakaye mkopo wa mbolea. Aambiwa alete mdhamini. Aenda kwa jirani yake, mtu mwema, akamwambia, "Baba, naomba unidhamini." Jirani asikia kwamba aombwa kushuhudia tabia: ya kuwa huyu ni mtu wetu, twamjua, si mwizi. Ni nani atakayekataa kumshuhudia mwenzake? Atia sahihi kwa moyo mweupe. Kumbe hati yasema ya kwamba aliyekopa asipolipa, mdhamini ndiye atakayelipa, na mali yake yaweza kuuzwa. Wala si hilo tu, kwani neno hili moja lina minyororo mitatu. Mdhamini wa mkopo hulipa deni. Mdhamini wa mshtakiwa huahidi kwamba mshtakiwa atafika mahakamani siku iliyotajwa, na asipofika mdhamini hutozwa kiasi alichojifunga nacho. Wadhamini wa chama au wa kanisa ni wale washikao mali kwa ajili ya wengine, wasiile. Watu watatu wenye mizigo mitatu, nao waitwa kwa jina moja. Mkalimani aliyesema "kudhamini" akanyamaza hakusema uongo. Lakini hakusema kitu.

La pili ni kuachiwa. Mtu amekamatwa kwa wizi wa ng'ombe, na baada ya siku chache aonekana sokoni. Watu waulizana, wajibiwa, "Ameachiwa." Katika masikio ya kijiji, kuachiwa maana yake kesi imekwisha, na kwa kuwa kila mtu ana hakika juu ya wizi ule, basi lazima askari wamekula rushwa. Hasira huwaka. Pengine mawe yaokotwa, na mtu ambaye hajahukumiwa afa njiani. Lakini sheria ilisema kwamba ameachiwa kwa dhamana, yaani angojea shauri lake akiwa nyumbani badala ya kungojea gerezani. Hiyo ni mbali sana na kuachiwa huru. Maneno mawili yaliyokatwa mwishoni mwa habari yametosha kumwua mtu.

La tatu, kwa kifupi, ni kushtaki. Sheria hutenga kumshtaki mtu kwa kosa la jinai na kumdai katika shauri la madai. La kwanza laweza kumpeleka mtu gerezani. La pili lataka alipe au arudishe. Kijijini yote ni "amenishtaki", na jirani aliyedaiwa tu mpaka wa shamba huona kwamba ametendewa kama mwizi, hata vizazi viwili visisalimiane.

Sasa na tutoke nyumbani kidogo tuangalie mambo makubwa ya historia, maana kosa la neno la kutenda limewahi kugharimu nchi nzima.

Kila mtoto wa shule katika Tanzania hufundishwa habari za Mangungo wa Msovero, katika nchi ya Usagara. Mwezi wa Novemba, mwaka 1884, Mdachi Carl Peters alimfikia akamtolea karatasi ya urafiki wa milele. Kwa hati hiyo Mangungo alihesabiwa kuwa ameitoa nchi yake yote, pamoja na haki zake, mikononi mwa chama cha Peters cha kutafuta makoloni, kwa matumizi ya Wadachi peke yao. Hati yenyewe yasema kwamba mkalimani, Ramazani kwa jina, alimweleza mambo yale waziwazi. Miezi mitatu baadaye, tarehe 27 Februari 1885, Kaisari Wilhelm wa Kwanza alikipa chama kile hati ya ulinzi, na huo ukawa mwanzo wa utawala wa Wadachi katika nchi hizi.

Mashuleni watoto hucheka. Humwita Mangungo mjinga aliyeuza nchi. Sisi hatupendi kicheko kile, na tungewaomba walimu wenzetu wakipunguze. Hebu tuulize: Ramazani alitumia neno gani? Katika lugha ya Mangungo, mgeni aombaye ardhi hukaribishwa. Hupewa mahali pa kulima na pa kujenga, naye hukaa chini ya mwenyeji. Akiondoka, ardhi hurudi. Neno la kumpa mgeni nchi yote, na watu waliomo, na wajukuu wao, hata mwenye nchi mwenyewe awe mgeni katika nchi yake, neno hilo lingetoka wapi? Watu hawatungi neno kwa kitendo ambacho hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukiwaza. Ikiwa mkalimani alisema "kutoa", Mangungo alisikia kukaribisha. Basi yale maneno ya hati, kwamba alielezwa waziwazi, hayathibitishi kitu ila ujanja wa mwandishi wake. Tena mtu yeyote asomaye hati ya leo ambayo mwishoni imeandikwa "nimesomewa na nimeelewa" yampasa amkumbuke Mangungo kabla ya kuweka dole lake.

Mwenzake wa kaskazini alikuwa na nguvu zaidi, ndiyo sababu habari yake iliishia penginepo. Tarehe 2 Mei 1889 Menelik, mfalme wa Uhabeshi, alifanya mkataba na serikali ya Italia mahali paitwapo Wuchale; mjumbe wa Waitalia alikuwa Pietro Antonelli. Mkataba uliandikwa kwa lugha mbili, Kiamhari na Kiitalia, na ukasema kwamba maandiko yote mawili yapatana na yana nguvu sawa. Kifungu cha 17 kilihusu kuitumia serikali ya Italia katika mambo ya Uhabeshi na mataifa mengine. Kwa Kiamhari kilisema kwamba mfalme aweza kuitumia. Kwa Kiitalia kilisema kwamba akubali kuitumia, nao Waitalia walilichukua neno hilo kuwa lamfunga asiwe na njia nyingine. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule Italia iliyatangazia mataifa ya Ulaya kwamba Uhabeshi umeingia chini ya ulinzi wake. Menelik hakujua. Aliwaandikia wafalme wa Ulaya kama mfalme kwa mfalme, na mwaka 1890 akajibiwa kutoka Uingereza kwamba barua zake yafaa zipite mikononi mwa Waitalia. Ndipo alipofahamu kilichoandikwa upande wa pili wa karatasi.

Angalieni, ndugu: lile neno la Kiamhari ni ndugu wa "kuweza" kwetu. Ni lile lile la nguvu na ruhusa tulilolieleza juu. Nchi nzima ilining'inia katika uzi huo.

Yaliyofuata yangekuwa kichekesho kama yasingalimwaga damu. Mwaka 1891 Antonelli alirudi kutengeneza jambo lile, akatia sahihi hati ya Kiamhari aliyodhani kwamba yaacha kifungu kama kilivyo, kumbe neno lililomo lilikuwa la kukifuta. Mwenye kutega akanaswa katika mtego wa namna ile ile. Mwaka 1893 Menelik aliukataa mkataba wote. Tarehe 1 Machi 1896 majeshi yalikutana Adwa, Waitalia wakashindwa, na maelfu ya watu wa pande zote mbili wakafa. Tarehe 26 Oktoba mwaka ule, katika mkataba wa Addis Ababa, Italia ilikubali kwamba Wuchale imefutwa na kwamba Uhabeshi ni nchi huru.

Watu husema Menelik alishinda kwa bunduki, nayo ni kweli. Lakini Mangungo hakuwa na bunduki za kutosha kusahihisha tafsiri, wala mkulima wa Igamba hanazo. Kwa watu kama hao, kinga ni mkalimani mwenyewe.

Na sisi tusomao Injili tunao mfano ulio wa zamani zaidi. Yohana aeleza kwamba Pilato aliandika anwani, akaiweka juu ya msalaba, kwa lugha tatu, na wengi wakaisoma. Wakuu wa makuhani hawakuridhika. Hawakutaka jina libadilishwe, wala lugha iongezwe; walitaka neno moja la kutenda litiwe ndani: kwamba isiandikwe kuwa yeye ni Mfalme wa Wayahudi, bali kwamba yeye alisema kuwa ni Mfalme. "Ni" na "alisema kuwa ni". Walijua vema sana walichokuwa wakiomba. La kwanza ni tamko la serikali. La pili ni madai ya mshtakiwa. Hata leo, karani wa mahakama aandikaye "mshtakiwa aliiba" mahali pa "mshtakiwa anadaiwa kuiba" amekwisha kuhukumu, na hakimu hajafungua kinywa.

Basi turudi katika swali letu: ni nani mwenye deni? Wako wasemao kwamba deni ni la aliyetia sahihi. Wasema, kutojua sheria si udhuru. Na ikiwa kila mtu aweza kusema "sikuelewa", hakuna mkopo utakaolipwa wala mpaka utakaosimama. Neno hili halikosi nguvu. Tumewaona watu ambao hufahamu vizuri siku ya kupokea fedha, na hupotewa na ufahamu siku ya kulipa. Sheria isingeweza kukaa ikiwa kila mjanja ataifanya lugha kuwa kichaka cha kujificha.

Lakini hoja hiyo yahusu mtu aliyepewa nafasi ya kufahamu asiitumie. Haimhusu yule ambaye nafasi yenyewe ilikuwa mikononi mwa mwingine. Mtu ajuaye lugha moja hawezi kuichungulia tafsiri, hana dirisha. Yule wa katikati tu ndiye aonaye pande zote mbili. Kwa hiyo twasema kwamba mzigo wa kwanza ni wake, hata kama hakuandika sheria na hatapata faida yoyote. Mkalimani wa mahakama huapa kabla ya kufasiri, na kiapo kile si desturi tupu. Mwalimu wa kijiji, ambaye huletewa barua na hati za watu baada ya masomo, haapi. Lakini kazi ni ile ile, na sisi walimu tusijidanganye kwamba ni msaada tu wa ujirani.

Majaribu ya kazi hiyo twayajua. Liko jaribu la huruma: waiona sura ya mama yule, hutaki kumtisha, na "hana budi kulipa kabla ya mwezi kwisha" yageuka kuwa "waomba ulipe". Akaenda amefarijika, na mwisho wa mwezi shamba lake likatangazwa. Liko jaribu la woga, au la kujipendekeza kwa wakubwa, ambalo hugeuza kila "aweza" kuwa "lazima", hata mwanakijiji akadhani kwamba sheria yote ni fimbo na haina mlango hata mmoja wa hiari aliofunguliwa yeye. Wote wawili, mwenye huruma na mwenye woga, wamekaa katika kiti cha hakimu bila kuitwa. Na liko jaribu la tatu, ambalo huwapata hasa waliosoma: asiyejua maana hutafuta neno kubwa. Asema "kwa mujibu wa" na "kwa kadiri itakavyohitajika", na msikilizaji aona haya kuuliza, maana neno limevaa kanzu.

Dawa yetu ni ndogo, nayo twaitumia na watoto katika darasa la Kiswahili. Kila neno la kutenda lililo katika hati tuliulize: Asipofanya, itakuwaje? Kama jibu ni kwamba atatozwa, au atanyang'anywa, au mwenzake ataweza kumshtaki, basi hilo ni neno la lazima, na litajwe kwa lazima: "sharti", "hana budi", "imempasa". Kama jibu ni kwamba haitakuwa neno, hilo ni la hiari, na yafaa mkalimani aongeze kwa sauti: "akitaka, asipotaka hadaiwi." Kisha, kabla ya wino, amwombe msikilizaji aseme kwa maneno yake mwenyewe atafanya nini, na lini, na asipofanya atapata nini. Wengi hukuta hapo kwamba walichofasiri sicho kilichosikiwa. Yachukua muda, na karani mwenye haraka hukunja uso. Na akunje.

Kwetu jambo hili li karibu sana. Baada ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, Wilaya ya Mbozi ilikuwa miongoni mwa zile zilizotangulia kujaribiwa utaratibu wa hati za hakimiliki ya kimila, na familia nyingi leo zinazo karatasi hizo ndani ya masanduku. Katika kuzieleza, neno moja hutusumbua kila mara: kuweka rehani. Tumewasikia watu wakilifasiri kuwa "kuacha shamba kwa muda", kama mtu aachavyo baiskeli kwa fundi. Wengine "kuonyesha shamba", kwamba mwenye fedha alione tu na aridhike. Na mzee mmoja alisema "kulifunga shamba kamba, mwisho wa kamba akapewa mwingine". Hiyo ya mwisho twaipenda, lakini mkewe aliuliza papo hapo kama aliyefunga kamba alimwuliza yeye kwanza, na baraza likazungumza mpaka usiku.

Tungependa wasomaji wa Kinyamwanga, wa Kindali, wa Kisafwa na wengineo waandike kwa mhariri na kutuambia: kwenu, mama akiulizwa jioni kwa lugha ya nyumbani kama shamba lake limewekwa rehani, huulizwa kwa neno gani, naye husikia kwamba limefanywaje?